Nilivyoifufua gemu ya bata

Mama yangu hatupi kitu. Desemba iliyopita nilienda kwake mtaa wa Umoja, Nairobi, kumsaidia kupaka nyumba rangi. Chini ya kitanda, nyuma ya jerikeni na viatu vya marehemu baba, nikavuta katoni, na humo ndani nikaikuta gemu yetu: plastiki iliyokuwa nyeupe sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, pedi mbili zilizozungushiwa nyaya zake zenyewe, bunduki, na kaseti ya manjano iliyoandikwa 9999999 katika 1.

"Takataka yenu hiyo," mama akasema. "Nilijua mtairudia."

Haikuwa Nintendo halisi. Nintendo walitoa mashine yao ya gemu, Famicom, kwao Japani mwaka 1983, ikaigwa na viwanda kadha wa kadha vya Asia, na nakala hizo ndizo zilizotufikia sisi. Zile gemu milioni tisa na ushei, ukizihesabu vizuri, zilikuwa kumi na kitu zikijirudia: Mario, Tanki, Bata, kisha Mario yuleyule ila anaanzia mbele kidogo. Hatukuona tumeibiwa.

Ploti nzima ilikuwa na gemu hiyo moja, nasi tukiichezea kwenye TV ya inchi 14 isiyo na rangi, tukizungusha kitufe cha stesheni polepole hadi chenga zitulie. Zamu ililipiwa kwa shilingi au kwa jerikeni la maji kutoka mferejini. Mwaka 2000, ukame ulipokausha mabwawa ya Mto Tana na stima ikawa ya mgao, ratiba ya mgao tuliijua kuliko hesabu za kuzidisha.

Mwenye roho mbaya alikuwa kaka yangu mkubwa. Kwenye Tanki, mnalinda tai aliyezungushiwa matofali. Adui akimpiga, mchezo umekwisha. Hata wewe mwenyewe ukimpiga, umekwisha. Basi mama akimwita kaka aende dukani, aligeuza tanki lake, akampiga tai wetu risasi, ndipo akainuka. Asicheze mtu akiwa hayupo.

Nikaamua binti yangu wa miaka tisa lazima aione. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinila wiki tatu.

Adapta yake ilikuwa imekufa, nikataka kuchomeka ile ya ruta ya intaneti kwa kuwa kichwa kiliingia. Bahati nzuri nilipitia kwanza kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini. Akaigeuza gemu, akasoma maandishi ya chini, akaniangalia kama mtu aliyeleta mgonjwa baada ya kumpa sumu.

"Boss, ulitaka kuichoma?"

Ile ya ruta ilikuwa volti 12, gemu inataka 9. Tena ndani kuna kidude cha kushusha hadi 5, na kila kinachozidi kinageuka joto. Isitoshe, kwenye gemu hii pini ya katikati ni hasi, wakati adapta nyingi za siku hizi huweka chanya hapo. Akatafuta adapta ya 9, akakata waya wake, akabadilisha pande, akaunga kwa risasi ya kuchomelea, akapima. Taa nyekundu ikawaka.

Picha ilikuja, lakini imejaa vibokisi na herufi zilizovunjika. Nikachomoa kaseti, nikaipuliza kwa nguvu zangu zote, kama tulivyozoea. Fundi akacheka. "Hayo ni mate, boss." Kumbe miaka yote ile kilichosaidia si pumzi, ni kule kuchomoa na kuchomeka upya, unyevu wa mdomo ulikuwa ukiharibu meno ya shaba tu. Nilisugua meno hayo jino kwa jino kwa rababu ya penseli, kisha kitambaa chenye spiriti, hadi yakang'aa. Mario akatokea akiwa mzima, na mara ya kwanza maishani nikaona anga lake ni la buluu.

Kikabaki kigumu zaidi: bata. Nyumbani kwangu TV ni hizi nyembamba. Binti akalenga, akapiga, bata akapita. Risasi tatu, hakuna kitu, na yule mbwa akainuka nyasini akicheka. Bata kumi, vicheko kumi. "Baba, hii imeharibika," akasema.

Haikuwa imeharibika. Bunduki ile haitoi chochote. Ina jicho linalopokea mwanga. Ukibonyeza, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe unatokea pale bata alipo. Jicho likiona giza halafu mwanga kwa wakati uleule unaotakiwa, umepata. TV ya zamani huchora picha papo hapo. Hii nyembamba huichakata kwanza, na ikimaliza bunduki imeshakata tamaa.

Kwa hiyo nilitafuta TV yenye mgongo. Nilipata moja kwa jirani wa mama, ikiwa meza ya chungu cha maua. Nikaitoa Umoja kwa matatu, nimeipakata, na makanga akanitoza nauli ya watu wawili. Sikubishana, kwa uzito ule, alikuwa na haki.

Bata wa kwanza alianguka Jumamosi saa nne asubuhi. Binti alipiga kelele hadi watoto wa nyumba ya juu wakaja mlangoni kuuliza zamu ni ya nani.

Kaka alikuja Jumapili. Tukaingia Tanki, yeye na mimi, magoti yamegusana kama zamani, tukafika kiwango cha saba. Simu yake ikalia: shemeji anamngoja stejini. "Nakuja," akasema, akaiweka simu kando, akageuza tanki lake taratibu kuelekea kwenye matofali.

"Kaka, usithubutu—"