Asilimia 96 iliyokaribia kuniumbua

Bango la mradi wangu lilikuwa limeshachapishwa na kufungwa kwa raba, na juu kabisa, kwa herufi nyekundu nene, lilisema: USAHIHI ASILIMIA 96. Kesho yake, Ijumaa, ndiyo yalikuwa maonyesho ya utafiti ya idara yetu hapa Kisumu. Sisi wa mwaka wa nne wa sayansi ya kompyuta tunasimama kando ya mabango, watu wa kampuni wanapita wakiuliza maswali.

Mradi ni wa gugumaji. Nilichukua picha za setelaiti ya Sentinel-2, ambazo hutolewa bure, nikafunza programu kutambua gugumaji katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Majani mabichi huakisi sana mwanga wa infraredi, ule tusiouona kwa macho, ilhali maji huumeza. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mraba wa mita 10 kwa 10. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi.

Alhamisi hiyo nilishuka ufukwe wa Dunga kupiga picha za kuonyesha wageni kwenye simu. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameshanipeleka majini mara mbili kwa kuniamini tu, akaomba aione ramani yangu ya wiki iliyotangulia. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa, akanyamaza, kisha akagonga kioo kwa ukucha.

"Hapa hakukuwa na majani, kijana. Hapa ni yale maji ya kijani. Nilipita na boti, injini haikushika kitu."

Mwani, ule mdogo sana unaogeuza maji kuwa ya kijani! Programu yangu ilikuwa imeona mwani ikauita gugumaji.

Usiku ule sikulala. Kuchunguza, kosa ni langu. Nilikuwa nimezichanganya pikseli za picha moja, nikatoa baadhi za kufunzia na zilizobaki za kupimia. Lakini pikseli jirani hufanana kama pacha, kwa hiyo programu ilikuwa inafanya mtihani ambao majibu yake imeshayaona. Nikaipima upya kwa picha ya siku nyingine kabisa. Asilimia 71. Nikarudia. 71 ileile.

"Nyamaza tu, nani atajua?" akasema rafiki yangu tunayeishi naye. Pesa ya kuchapisha bango jingine sikuwa nayo (rangi, na kwa ukubwa ule, si mchezo). Asubuhi nikapitia saiba, nikachapisha kipande cha karatasi ya kawaida na kukibandika kwa gundi chini ya ile 96: "Picha ya siku nyingine: 71. Inachanganya mwani na gugumaji." Pembe moja ilikuwa inajikunja kila nikiibonyeza.

Hadi saa tano hakuna aliyesimama kwangu. Jirani yangu alikuwa na roboti, ningefanyaje?

Kisha akaja mama mmoja wa kampuni ya uchambuzi wa data. Alisoma kile kipande kabla hata ya kichwa cha bango.

"Ya kweli ni hii ya chini?"

"Ndiyo, madam."

"Uligunduaje?"

Nikamweleza habari za mzee, ukucha wake na injini. Akataka kujua mwani nitautenganisha vipi. Nikamwambia bado sijaweza, ila nataka kujaribu rada ya Sentinel-1: hupenya mawingu, na majani yaliyosimama juu ya maji huirudisha rada kwa namna ambayo mwani uliolala hauwezi. Akachora kitu kwenye daftari lake, akabisha, nami nikabisha. Waliokuwa nyuma yake walichoka kungoja wakapitiliza kwa roboti. Kuhusu 96 hakuuliza lolote.

Jumatatu ikaja barua pepe: nafasi ya atachimenti (mafunzo ya kazini), miezi mitatu, niende na data zangu zote, hasa zile ambazo programu ilishindwa.

Nilirudi Dunga kumwambia mzee. Alisikiliza hadi mwisho, akanipongeza, halafu akauliza kama humo kwenye barua wametaja petroli ya boti yake.