Kitambaa cheupe chini ya fito

Jumamosi, saa tatu na nusu usiku

Nimerudi sasa hivi kutoka banda la kuku. Kitambaa kiko hapa mezani, cheupe vilevile nilivyokipeleka. Nimekipitisha chini ya fito zote tatu wanazolalia, nikakisugua mpaka kwenye ncha zinakogusa ukuta, na hakuna hata alama moja ya damu. Leo ni wiki ya tano mfululizo.

Mwezi wa nne kilitoka chekundu.

Kuku wangu walikuwa watano, sasa ni wanne. Mayai yao tunakula, wenyewe hatuwachinji. Nawafuga kwa kuwa nawapenda. Aliyeondoka ni Chiriku, niliyempa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Mwishoni mwa mwezi wa tatu alianza kuatamia mayai tisa. Siku kumi hivi baadaye akawa anatoka kiotani jioni na kukataa kurudi. Mimi nikamkamata, nikamrudisha, nikamfunika na tenga ili atulie. Upanga wake wa kichwani ulikuwa umepauka, lakini nikajiambia kuku anayeatamia hali vizuri, ndiyo maana. Siku ya nne asubuhi nilimkuta amelala ubavu, baridi.

Lile tenga bado linaniuma. Yeye alikuwa anakimbia, mimi nikamfungia humo humo.

Shangazi alipokuja kutoka Muheza nilimweleza. Aliniuliza jambo moja tu: "Umewahi kuingia humu usiku?"

"Hapana, shangazi. Lakini mchana nafagia kila siku."

"Mchana utaona nini, mwanangu? Hao watu wa usiku."

Tukaingia na tochi. Upande wa chini wa fito ulikuwa kama umemwagiwa pilipili ya unga, na ile pilipili ilikuwa inatembea. Utitiri. Akapitisha kanga yake nyeupe, ikatoka na michirizi ya damu. Damu ya kuku wangu. Kwenye kiota cha Chiriku ndiko walikojaa zaidi.

Kumbe utitiri huu mwekundu haukai mwilini mwa kuku mchana. Unajibana kwenye nyufa, chini ya maganda ya fito na ndani ya majani ya kiota, giza likiingia unatoka, unafyonza, unarudi. Mdudu mmoja hafiki hata milimita moja. Kuku anayelala kwenye fito huachwa apumue kukikucha. Anayeatamia hana pa kupumzikia.

Na mimi nilijiona msafi! Kila wiki mbili nilikuwa nawaosha kwa maji na sabuni, masika yote ile, wanatetemeka kibarazani. Kuku huoga vumbi. Vumbi kavu likiingia kati ya manyoya huondoa mafuta yaliyozidi na kuwasumbua chawa. Mvua za Tanga zilikuwa zimelowesha uwanja wote, hawakuwa na hata shimo moja la kujigaragazia, na mimi nikawaongezea maji.

Kazi tuliyofanya ilikuwa nzito. Tulitoa maranda na viota vyote tukavichoma. Fito zenye maganda tukazitupa, tukaweka mbao zilizopigwa randa. Maji yanayochemka tukayamimina kwenye kila ufa, banda lilipokauka tukapaka chokaa. Afisa mifugo alinielekeza dawa ya unga ya kuku na namna ya kuinyunyiza, akanionya nisithubutu kutumia dawa ya shambani. Baada ya siku saba tukarudia, kisha tena. Watu wengi huishia mara ya kwanza, na hapo ndipo wanaposhindwa: dawa haiui mayai ya utitiri, na kwa joto letu yai huwa mdudu kamili kwa muda wa wiki hivi. Jirani alishauri nihamishe kuku, niliache banda tupu kidogo. Lakini utitiri unaweza kuishi muda mrefu bila kula. Ungewangoja.

Kisha lile tairi. Ni tairi chakavu la lori, nimelilaza chini ya paa la stoo, nikalijaza mchanga mkavu, udongo na majivu ya kuni yaliyochekechwa. Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojipinda, ndiye aliyeingia kwanza. Alikwaruza, akalala ubavu, akatupa vumbi mgongoni kwa bawa, akafumba macho. Nilisimama pale mpaka wali ukaungua.

Jumamosi sasa ni siku ya kuwakagua. Nampakata mmoja mmoja, nafunua manyoya chini ya mkia kuangalia mayai ya chawa, yaliyogandamana kwenye mashina ya manyoya. Naangalia kando ya macho, wanakoganda viroboto. Kishingo alikuwa na magamba yaliyoinuka miguuni, ukurutu. Namsafisha kwa maji ya vuguvugu na kumpaka mafuta ya mgando mara mbili kwa wiki. Sibandui kitu. Yanadondoka yenyewe, na chini yake ngozi ni laini.

Kidimu ameanza kuatamia juzi. Nimempa mayai saba na maranda mapya. Jioni hii alitoka kiotani, na moyo ukanipasuka. Nikakaa juu ya ndoo, sikumgusa. Alikunywa maji, akaingia kwenye tairi akajigaragaza kwa muda mrefu, akajikung'uta, akarudi mwenyewe kwenye mayai yake.