Itakuja kwenye mtihani

Jumanne haijanitoka. Nilikuwa darasani na wanafunzi wa kairopraktiki, tiba ya mgongo kwa mikono; somo limefika mwaka 1854, kipindupindu cha London, daktari John Snow anapita akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi, hadi bomba la Broad Street walilokuwa wakichotea likang'olewa mpini. Sauti ikatoka nyuma: "Samahani, Mwalimu. Sisi ni watu wa mgongo. Hiki kipindupindu tutakikuta wapi?"

Hakuuliza kwa dharau. Kalamu ilikuwa tayari, anangoja jibu aliandike. Nami nikasema, "Itakuja kwenye mtihani."

Akaandika hivyo hivyo. Nilipopita karibu na dawati lake nikaliona neno langu, kalipigia mstari.

Tangu siku hiyo, kila nikiosha vyombo namjibu upya. Namwambia kairopraktiki tangu Palmer alipoianzisha mwaka 1895 imewazoeza mgongo mmoja, kitanda kimoja. Namwambia Shirika la Afya Duniani linataja watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, sasa mikono ya nani itawafikia wote hao? Kuna jibu nimelipanga vizuri hadi nikatamani kumpigia simu usiku. Wiki nzima imepita hivyo, mdogo wangu kajifungua salama (wa kike, alhamdulillahi), mitaala mipya imepitishwa, mimi niko na Jumanne yangu.

Leo kwenye kliniki ya mafunzo mwanafunzi yule kanivuta pembeni, ana mafaili matatu kifuani.

"Mwalimu, hawa wote kiuno. Nimewauliza kazi zao. Ghala moja! Mzigo mzito unawekwa rafu ya chini kabisa, wanainama huku wamejipinda. Nikiwatibu leo, kesho si wanarudi kulekule?"

Nilishindwa kusema kwa muda. Tukakaa kwenye benchi, akachora ile rafu nyuma ya karatasi, tukaupandisha mzigo hadi usawa wa nyonga. Alitaka ampigie msimamizi papo hapo. Nikamwambia kwanza aombe ruhusa ya wagonjwa wenyewe, maana ni ajira zao. Akarudi kwao anakimbia, kile kipande cha karatasi kaniachia. Nimekibandika jikoni, juu ya sinki.

Mama kapiga simu jioni kuulizia kichanga. Kaniuliza leo ni siku gani, nikamjibu. Kabla hatujaagana kaniuliza tena.