Siku Bibi Alipoamia Ndege Nzuguni

Tulipohamia Kisasa, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, nyumba ilikuwa na karibu kila kitu tulichokihitaji, lakini mtaa haukuwa na mahali pa watoto kuchezea. Kiwanja pekee kilichoachwa wazi kilikuwa kimejaa malundo ya mchanga na kokoto za wajenzi, na kila mwisho wa wiki wanangu wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita, walishinda ndani mbele ya televisheni. Ndiyo maana mwaka 2024, maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalipofanyika Nzuguni, niliwaahidi kuwapeleka Jumamosi ya tarehe 3 Agosti. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mvumi kupimwa macho, alisema naye atakwenda. Nilisita, kwa kuwa niliihesabu siku ile kuwa ya watoto, na nilihofia kwamba atachoshwa na jua, vumbi na ule upepo wa Agosti unaovuma Dodoma bila simile.

Bajaji ilitushusha karibu na kituo kikuu cha mabasi, tukaingia pamoja na umati wa familia nyingine. Watoto walikimbilia moja kwa moja kwenye bembea za mashine. Tulipanga foleni karibu saa nzima, wakapanda kwa dakika chache, mashine ikazimika kabla zamu yao haijaisha, na mwenyewe akakataa kuwarudishia walau nusu ya nauli yao. Mdogo alilia. Kilichonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kumwona mama ameketi peke yake kwenye ukingo wa mtaro, amejifunika pua kwa kanga, akitusubiri kama abiria anayesubiri basi la watu wengine.

Nikawaambia twende kwenye vipando vya mazao, kwa sababu tu huko watu walikuwa wachache. Hapo ndipo mama alipobadilika. Mbele yetu palikuwa na kitalu cha uwele uliokomaa, masuke yamesimama wima, marefu kuliko kiganja cha mtu mzima. Kijana aliyekuwa akitoa maelezo alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaomba ruhusa ya kuokota suke moja lililoanguka. Alilifikicha taratibu kati ya viganja vyake, akafungua mikono, akapuliza mara mbili, makapi yakaruka na kubaki punje ndogo za kijivu zenye rangi ya kijani kwa mbali. Akawagawia wajukuu wake watafune. Binti yangu, ambaye ugali wa uwele amekuwa akiula bila kuuliza umetoka wapi, alizitazama punje zile kwa muda mrefu kabla ya kuzitia kinywani.

"Bibi, shambani mlikuwa mnacheza nini?" aliuliza mdogo.

Mama alijibu kwamba mchezo wao ulikuwa kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mazao. Aliwaeleza kwamba punje za uwele hukaa nje, hazina ganda la kuzificha kama mahindi, na kwa hiyo kundi la kwelea kwelea likishuka shambani linaweza kumaliza chakula cha familia kwa muda mfupi, katika nchi ambayo mvua huanza Desemba na kwisha Aprili na haitoi nafasi ya pili. Watoto walipanda juu ya dungu kabla jua halijachomoza, wakapiga kelele na kurusha kombeo hadi magharibi. Ilikuwa kazi, alisema, lakini wakiwa juu kule waliimba, wakashindana sauti na watoto wa mashamba jirani, wakategeana vitendawili. Kisha akavua kanga ya begani, akaisokota iwe kama kombeo, akaizungusha hewani na kupaza sauti: "Haaai! Haaai!" Wanangu wakamfuatisha. Watoto wengine watatu, ambao hatukuwajua, wakajiunga nao, na yule kijana wa kipando, badala ya kutunyamazisha, akawaonesha upande ambao ndege hupenda kuingilia.

Tulikaa pale kuliko mahali pengine popote. Baadaye tuliwaona ng'ombe wa aina ya Mpwapwa na tukala zabibu tulizonunua kwa kilo, na yote yalikuwa mazuri, lakini naamini kabisa kwamba mapumziko ya familia ni pale bibi na mjukuu wanapokuwa ndani ya jambo moja, na mtaa wa watu wengi kama wetu unastahili kutengewa mahali pa namna hiyo mwaka mzima, si kwa siku nane za Agosti.

Asubuhi ya Jumapili niliamshwa na kelele. Nilipochungulia dirishani niliwaona wanangu na watoto wa jirani wamesimama juu ya lundo la mchanga katika kile kiwanja, wakizungusha mitandio iliyosokotwa na kuwawinga kunguru. Mama alikuwa chini yao, ameketi juu ya tofali, akiwaelekeza kwa mkono kule ndege walikotokea.