Tope la Bombo kwenye Datsun ya sentimita 17

Mzee alitaka Datsun 240Z chafu. Alikuja Jumamosi kwenye gereji ya Katwe, Kampala, ambako kikundi chetu cha kuunda magari madogo ya plastiki kilikuwa kimepewa benchi moja, akaweka mezani kavera, yaani mfuko wa plastiki, ya udongo mwekundu, akasema: "Wanangu, msinipe gari la dukani. Nipeni lile lililokuwa likipita."

Alikuwa Mnubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, makanika mstaafu, na mwaka 1971, mashindano ya magari ya Safari Rally yalipopita Uganda, alikuwa kijana wa kubeba matairi kwenye kituo cha huduma. Mwaka ule Datsun 240Z zilishika nafasi ya kwanza na ya pili: Edgar Herrmann na Hans Schüller mbele, Shekhar Mehta na Mike Doughty nyuma yao. Kwa mzee hesabu ilikuwa kinyume, kwa kuwa Mehta alizaliwa Uganda. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia iliipeleka familia yake Kenya, na mwaka 1973 Mehta akashinda na 240Z, mara hii akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mzee alituhesabia miaka hiyo kwa vidole, halafu akauliza seti yetu, ile ya vipande vya kuunganisha, ni ya gari la nani. Ilikuwa ya kampuni ya Kijapani ya Hasegawa, skeli ya 1/24, na stika zake ni za gari la Herrmann. Akakubali. "Haidhuru, mradi tope liwe la kwetu."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na kazi. Datsun halisi ina urefu wa milimita 4,140. Gawa kwa 24 upate 172.5, yaani sentimita 17 na ushei. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, ambayo barabarani hakuna anayeiona, ukiibandika kwenye mlango wa gari hilo dogo inageuka jiwe la milimita 12. Wengi wanaopaka magari yao udongo wa kweli huishia na gari lililomwagiwa kokoto, kisha wanalaumu rangi. Kwa skeli hii chembe zinatakiwa ziwe chini ya milimita 0.02 hivi, na hakuna chekeche la jikoni linalofika huko. Soksi ndefu ya nailoni inatoa mabonge na mizizi, basi. Kinachofika ni maji.

Kabla ya maji kulikuwa na rangi, maana tope hukaa juu ya kila kitu kingine na likikosewa hufutwa, na ufutaji huo hubandua rangi dhaifu. Makopo ya sprei ya waunda magari madogo ni shida kuyaleta kwa ndege kwa sababu yana gesi inayowaka, kwa hiyo Kampala tunanunua rangi ya magari makubwa, ile inayopimwa na kuchanganywa kwenye maduka ya Kisekka. Ni rangi nzuri na robo lita inatosha magari mengi, ila thina yake inakula plastiki. Mwili wa seti hizi ni polistirini. Ukiupuliza praima ya gari, yaani rangi ya msingi, ikiwa nzito na mbichi, uso unapasuka mistari midogo mithili ya utando wa buibui, na kingo za milango zinalainika. Dawa ni kuanza na ukungu tu: eabrashi, bomba dogo la kupulizia rangi, ikae sentimita 20 mbali, upite haraka, usubiri dakika 10, upite tena, mara tatu au nne, mpaka plastiki yote iwe imefunikwa na praima iliyokauka. Thina ya tabaka jembamba huruka hewani kabla haijapata muda wa kuuma. Baada ya hapo unaweza kulowesha kidogo.

Praima tuliyotumia ilikuwa nyeupe. Nyekundu ya Datsun ukiiweka juu ya praima ya kijivu inazama na kuwa ya matofali; juu ya nyeupe au ya waridi inabaki hai. Halafu kuna mvua. Ilikuwa Aprili, na Aprili ya Kampala hewa imejaa maji. Thina ya kukauka haraka hupoza uso inaporuka, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na nyekundu inatoka na ukungu mweupe. Kwa hiyo ulizia thina ya kukauka polepole, na upulize kati ya saa tano na saa tisa mchana, jua likiwa limeshakausha asubuhi. Ukungu ukitokea, usipige msasa kwanza. Pitisha thina hiyo ya polepole peke yake, pazia jembamba, rangi ilainike na kuuachia unyevu. Mara nyingi husafika yenyewe. Kompresa pia iwe na kichujio cha maji kwenye mpira, la sivyo itakutemea matone katikati ya boneti.

Boneti ya magari ya timu ilikuwa nyeusi isiyong'aa, kwa sababu nyekundu inayong'aa humrudishia dereva jua machoni. Ukishabandika tepu ya kuziba, pulizia kwanza nyekundu ileile kwenye ukingo wa tepu. Ikipenya, inapenya nyekundu juu ya nyekundu na hakuna atakayejua. Ikikauka, njia ya nyeusi imezibwa. Mstari unatoka kama umekatwa kwa wembe.

Uunganishaji wenyewe hauna mengi. Vioo visikaribie supaglu, maana moshi wake unaacha utando mweupe ndani ya kioo usiotoka. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Stika za maji ziwekwe juu ya vanishi inayong'aa, kwa kuwa juu ya uso mkavu usiong'aa hewa hunaswa chini yake na plastiki ya stika inaonekana. Siki nyeupe nusu kwa maji nusu huzilainisha vya kutosha zikae kwenye mikunjo. Kisha vanishi, siku mbili za kukauka, na mwisho vanishi isiyong'aa, kwani vumbi halishiki vizuri kwenye uso unaong'aa.

Tukarudi kwenye kavera ya mzee. Mwenzetu mmoja alitaka udongo ukaangwe kwenye kikaango ili kuua kuvu na mayai ya wadudu. Wazo la kuua kuvu ni sahihi, kikaango hakifai. Rangi ya udongo wetu ni kutu ya chuma ya aina mbili zilizochanganyika, ya njano inayoitwa gothaiti na nyekundu inayoitwa hematiti, na joto la kiasi cha nyuzi 300 hugeuza ya njano kuwa nyekundu. Udongo uliokaangwa unatoka mwekundu kuliko barabara uliyouchukua. Jua la siku mbili kwenye sinia jeusi linatosha.

Kuchuja kwenyewe ni hivi. Ponda kikombe kimoja cha udongo mkavu, upitishe kwenye soksi, utie kwenye jagi la kioo lenye lita moja ya maji, pamoja na tone moja la sabuni ya maji. Sabuni isisahaulike, bila hiyo chembe za mfinyanzi hushikana na kushuka kwa vibonge, na kipimo chote kinaharibika. Koroga, kisha acha. Chembe ya milimita 0.02 hushuka takriban theluthi moja ya milimita kwa sekunde, kwa hiyo baada ya dakika tano kila kilicho kikubwa kuliko hicho kimeshuka sentimita 10. Mimina maji ya juu, sentimita 10 hizo tu, kwenye sinia pana. Usiinamishe jagi kwa pupa. Mpira mwembamba wa kunyonya ni bora zaidi, kwa sababu jagi likitikisika mchanga wa chini unapanda. Ongeza maji, koroga, rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu. Sinia likae juani. Kinachobaki kimepasuka vigae. Saga kwa chupa juu ya kioo na upate unga laini usiokwaruza ukiusugua kati ya vidole. Kavera nzima ilitupa unga wa kujaza kopo moja la filamu ya kamera, na gari zima halikutumia hata nusu yake.

Chini ya jagi hubaki mchanga. Usiutupe. Huo ndio wa kutengenezea barabara ya kusimamishia gari, maana huko kokoto za milimita 12 zinaruhusiwa.

Unga mmoja una rangi kadhaa kulingana na ulichouchanganya nacho, na hapo watu hupotea. Ukiuloweka kwa tapentaini huonekana wa kahawia iliyoiva, halafu ukikauka unarudi kuwa wa machungwa mepesi. Ukiuchanganya na vanishi isiyong'aa unabaki wa giza moja kwa moja. Mafuta ya taa yasitumike kamwe, yanaacha alama za mafuta zinazotambaa kwa wiki. Tulipaka michanganyiko yote kwenye migongo ya vijiko vyeupe vya plastiki vilivyopuliziwa nyekundu ya gari, tukaipanga mbele ya mzee. Alipita akivigusa kimoja kimoja. Kile cha vanishi akakiita tope la asubuhi, kile cha tapentaini vumbi la saa nane. Akataka vyote viwili, la asubuhi chini na la saa nane juu yake. Na ni kweli: gari lililovuka matope kisha likakauka njiani lina tabaka hizo kwa mpangilio huo.

Tope la chini: unga sehemu mbili, vanishi isiyong'aa ya maji sehemu moja, gundi nyeupe matone machache, uzito wa uji wa mtoto. Chovya brashi ngumu iliyokatwa fupi, uishike karibu na tairi, upulize hewa ya eabrashi kupitia nywele zake kuelekea nyuma. Matone yanatoka madogo na yana mwelekeo. Tabaka lisizidi nusu milimita kwa mara moja, maana gundi hunywea ikikauka na tope nene hupasuka na kubanduka na vanishi ya chini. Tope la sentimita 3 kwenye gari halisi hapa ni milimita 1.25, kwa hiyo chini ya madigadi unajenga kwa tabaka tatu, siku baada ya siku.

Mahali pa kuweka alituelekeza mzee mwenyewe, na hapa hakuna picha iliyotusaidia kuliko yeye. Nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye vizingiti vya milango, tope lipande mpaka nusu ya mlango. Mbele kabisa kuwe kusafi kiasi, taa zaidi, kwa sababu kila kituo walizifuta kabla ya kitu kingine. Namba za mlangoni nazo zilifutwa kwa kiganja, ili wasimamizi wazisome, kwa hiyo ndani ya duara kuna mfuto wa vidole na pembeni yake tope limebaki. Kioo cha mbele kina mikato ya wipa: kata tepu kwa umbo la upinde, bandika, paka vumbi, ngoa. Kioo cha nyuma ndicho kilichotufanya tubishane naye. Sisi tulikiacha kinaonekana ndani. Akasema, "Hicho hakikuwa na faida kwa mtu." 240Z ina mgongo unaoteremka mpaka mkiani, na hewa inayokatika pale nyuma huacha nafasi inayovuta vumbi la magurudumu na kulibandika juu. Kilizibwa karibu chote.

Vumbi la saa nane ni rahisi: unga mkavu kwa brashi laini, tone la tapentaini liguse na kusambaa lenyewe, likauke, kisha ufute kwa pamba kutoka juu kwenda chini. Palipo na vanishi isiyong'aa hushika. Pale penye mkono au kitambaa cha mtu hupungua.

Alipokuja kuchukua gari, aliligeuza juu chini kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Tulikuwa tumepaka tumbo lote rangi moja. Akaweka ukucha kwenye ekzosi: "Hapa pana moto. Tope likifika hapa linakauka, linakuwa jeupe, linaanguka." Tukakwaruza vipande vichache kwa kijiti, tukaongeza jivu kidogo la mkaa kwenye unga uliobaki, tukapaka bomba lote kuanzia mbele hadi nyuma. Akaliangalia tena, akanyamaza, akalipa.

Kilichobaki ni kulifikisha Bombo kwa bodaboda. Gundi haiwezi kushika gari kwenye ubao kwa mtikisiko huo. Matairi ya mpira yanaachia. Tulitoboa ubao na sakafu ya gari kwa keekee ya milimita 2, chini ya kiti cha dereva ambako plastiki ni mnene, tukapitisha skrubu ndogo kutoka chini na kuikaza kwa nati tuliyokuwa tumeibandika ndani kabla ya kufunga mwili. Kofia ya plastiki angavu juu, tepu pande nne. Mzee akalipakata mapajani, akamwambia dereva aende polepole mpaka wavuke Kawempe.