Kibarani hakunuki tena

Miaka yote niliyokaa Ujerumani, nikimwelekeza mtu njia ya kuingia Mombasa nilikuwa nikimwambia: ukisikia harufu, funga dirisha, umefika Kibarani. Jaa lile lilikuwa mlangoni mwa kisiwa, likifuka moshi kando ya bahari. Safari hii tumepita, tukapanda daraja la Makupa lililofunguliwa 2022, nami bado naingoja harufu. Dereva akacheka. Kibarani pamepandwa miti, watu huenda kupunga upepo.

Taka zenyewe hazikuyeyuka, bila shaka. Sasa zinapelekwa Mwakirunge, huko Kisauni, na kero imewahamia wengine.

Lakini lililonishughulisha zaidi liko mtaani kwetu, Mji wa Kale. Vichochoro vya huku lori haliingii, kwa hivyo taka lazima zibebwe hadi barabara kubwa, na zamani kila mtu alikuwa akimngoja mwenzake azibebe. Siku hizi vijana hupita na mkokoteni asubuhi. Kila nyumba huwapa kitu kidogo kwa wiki, na chupa ni zao.

Kwenye hizo chupa ndiko kwenye kazi. Nilikaa nao barazani wakichambua: chupa ya maji inavuliwa kofia, inachanwa lebo, inakanyagwa, inatiwa guniani. Kofia zina gunia lao. Mitungi ya mafuta ya kupikia nayo mbali. Nikauliza, kofia zina nini hata mjisumbue hivi? Mmoja akavuta ndoo ya maji, akatia kipande cha chupa na kofia. Kipande kikazama, kofia ikaelea.

"Ni plastiki mbili hizi, ami. Ukizichanganya, mnunuzi akushusha bei."

Ujerumani ukinunua soda ya chupa ya plastiki unatozwa senti 25 za yuro juu, na ukiirudisha chupa dukani unapewa pesa yako. Ndiyo maana huioni ikizagaa, wala si kwa kuwa watu wa kule wamezaliwa wastaarabu kutushinda. Huku chupa moja haina thamani mpaka ijaze gunia, na wa kuijaza ni kijana ambaye soda yenyewe hakuinywa. Sheria ya taka ya 2022 inamtaka mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hata ikishatupwa, na inazitaka nyumba zitenganishe taka za kuoza na zisizooza. Kina mama wa mtaani wanatenganisha: maganda na matumbo ya samaki ndoo yake, vikavu ndoo yake. Watengenezaji bado sijawaona huku vichochoroni.

Mifuko ya plastiki imepungua kweli tangu marufuku ya 28 Agosti 2017. Faini inayofika shilingi milioni 4 inatisha. Hata hivyo sokoni nimetiliwa pilipili ndani ya kifuko cheupe kilichochomolewa chini ya meza kama bidhaa ya magendo.

Usafi wa Jumamosi ufukweni nao nilikwenda. Fulana mpya, glavu, picha nyingi, na mwisho wake chupa za maji tuliyokunywa sisi wenyewe. Siudharau, watoto walifurahi. Ila upepo wa kusi ukivuma, bahari inaleta nyingine, na picha ni zile zile za wiki iliyopita.

Kinachowaelemea vijana hasa ni nepi. Hazina mnunuzi, zinanuka, ni nzito, na mkokoteni unasukumwa kwa mikono. Sasa wanataka nyumba yenye mtoto mchanga iongeze malipo. Kikao kimeitwa Ijumaa baada ya Alasiri. Shemeji yangu ana pacha, na ameshasema hatoi hata shilingi ya ziada.