Usichune gome, chuma jani

Jumamosi iliyopita nilifika nyumbani Gatundu nikakuta mti wetu wa muthiga ulio mpakani umechunwa. Si kijipande, la. Mtu ameuzungushia panga, akabandua gome kutoka chini hadi usawa wa kifua changu. Mti uliozungukwa hivyo hauponi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia kwenye gome. Njia hiyo ikikatwa, mizizi inakufa njaa.

Mti huu umetulea. Cucu, yaani nyanya yangu, aliweka gome lake kwenye mkebe wa majani chai, juu ya kabati. Ukikohoa usiku alikuvunjia kichembe cha ukubwa wa ukucha: "Tafuna, meza mate, usiteme." Mwanzoni unasikia uchungu tu. Unadhani umeponea. Halafu moto unapanda polepole, ulimi unawaka kama umeng'ata pilipili, pua inafunguka, machozi yanakutoka, na kifua kinalegea. Jino likiuma, kichembe kilekile kilibanwa pale penye tundu. Tumbo na homa alizitibu kwa gome la kuchemsha. Malaria pia, ingawa mimi leo nikishikwa na homa naenda kupimwa, na nakuomba nawe ufanye hivyo.

Wamaasai wanauita osokonoi, Waganda abasi, na kwa Kiswahili ni msokonoi. Jina lake la kisayansi, Warburgia ugandensis, linamuenzi Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Na ukitoka Nairobi kuelekea Kikuyu unapita mahali panapoitwa Muthiga. Wangapi wanaoshukia hapo wamewahi kuuona mti wenyewe?

Ule moto ulimini ni silaha ya mti. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walichapisha habari za kemikali waliyoitoa kwenye gome, wakaiita warburganali. Viwavijeshi, hao wanaomaliza shamba la mahindi, hukataa kula jani lililopakwa kemikali hiyo. Kemikali ndugu yake, poligodiali, inaua kuvu wa aina ya kandida. Cucu hakujua majina hayo, ila alijua gome lipi lina nguvu kwa kulionja.

Alijua pia kukata. Ukanda mmoja tu, upana wa kiganja, upande mmoja wa shina, kisha kidonda anakipaka kinyesi cha ng'ombe. Mti aliouchukulia gome aliuacha upumzike hadi kovu lifunge.

Lakini hata huo ukanda hatuuhitaji. Majani yana ukali uleule! Tafuna jani bichi la muthiga uone kama kikohozi hakitashtuka. Wahindi wa Kenya wamewahi kuyatia kwenye mchuzi. Jani likichumwa, jingine huota. Tatizo ni mteja wa mjini: haamini jani, anataka kuona gome, na mchunaji anamletea anachotaka.

Chini ya mti niliokota matunda manne yaliyoiva, ya zambarau. Mbegu zake zikikauka zinaharibika, kwa hiyo nilizipanda jioni ileile kwenye mikebe, nikaipanga barazani upande wenye kivuli. Miche ikifika gotini, kila boma tulilopakana nalo litapata mmoja, nami nitaupeleka mwenyewe, nikiwa na jani mkononi la kuwaonjesha.